Fedha Ziko Mikononi mwa Nani? Niliyojifunza Nikinunua Vifaa Vilivyotumika kutoka Ng'ambo

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua kompyuta mpakato, simu na lenzi za kamera zilizokwisha kutumika kutoka kwa wauzaji walio ng'ambo, watu nisiowajua kwa sura wala kwa sauti. Wengi wao wamekuwa waaminifu. Ninaandika kuhusu wachache ambao hawakuwa hivyo, na hasa kuhusu mambo yaliyonisaidia na yaliyoniangusha nilipodai kurudishiwa fedha zangu, kwa sababu naona wanunuzi wengi wakiamini kwamba ulinzi wa malipo ni kitu ambacho mtu hupewa na jukwaa la mauzo akabaki nacho. Mimi sikuukuta hivyo. Ulinzi huo huamuliwa pale unapochagua njia ya kulipia, huanza kupungua tangu siku hiyo hiyo, na mtu anaweza kuupoteza wote kwa kubonyeza kitufe kimoja akiwa na nia njema kabisa.

Hasara ya kwanza niliipata kwa kompyuta mpakato. Muuzaji alikuwa ameitangaza kwenye jukwaa linalojulikana, picha zake zilikuwa safi, na kila swali nililomuuliza alilijibu siku hiyo hiyo, mpaka nikaanza kumwona kama mtu ninayemfahamu. Tulipokubaliana bei aliniomba tumalizane pembeni, nje ya jukwaa, akaahidi kunipunguzia kiasi kinacholingana na kamisheni ambayo angekatwa. Sababu hiyo iliniingia akilini, kwa kuwa ni kweli majukwaa hukata kamisheni katika kila mauzo. Akanielekeza nilipe kwa njia ile iliyokusudiwa ndugu na marafiki kutumiana fedha, nami nikalipa. Akanipa namba ya kufuatilia kifurushi, ambayo kwa wiki tatu haikuonyesha lolote zaidi ya kwamba taarifa za mzigo zimesajiliwa, kisha akaacha kujibu.

Nilipolalamika kwenye jukwaa niliambiwa kwamba katika kumbukumbu zao hakuna mauzo yoyote yaliyofanyika kati yetu wawili, na walisema kweli. Nilipowaendea waliopitisha malipo, niliambiwa kwamba muamala wangu haukuwa wa kununua bidhaa. Jibu hilo lilinichoma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu lilikuwa sahihi: ni mimi niliyechagua kitufe kile, na kwa kukichagua nilikuwa nimetamka kimaandishi kwamba sinunui kitu.

Mgawanyo huo haufichwi. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano, hutenganisha waziwazi malipo ya bidhaa na huduma na fedha zinazotumwa kwa ndugu na marafiki. Aina ya kwanza inaingia katika ulinzi wa mnunuzi na ya pili haiingii kabisa. Kwa malipo ya bidhaa muuzaji hukatwa ada, na ada hiyo ndiyo atakayoitaja anapokubembeleza utumie njia ya pili. Fedha zinazohamishwa moja kwa moja kutoka akaunti ya benki hadi nyingine, au zinazotumwa kwa wakala ili mtu azichukue taslimu, nazo zikishapokelewa ni vigumu mno kuzirudisha. Siku hizi muuzaji akitaja kutoka nje ya jukwaa, hata kwa upole na kwa sababu nzuri, mazungumzo yetu huishia hapo.

Tangu wakati ule kuna swali moja ninalojiuliza kabla ya kulipa: kati ya siku ninayolipa na siku ninayofungua boksi, fedha ziko mikononi mwa nani? Kama ziko tayari mikononi mwa muuzaji, nimebakiwa na huruma yake tu. Kama ziko amana kwa mtu wa tatu, au kama yuko mtu wa tatu mwenye uwezo wa kuzivuta zirudi, hapo nina pa kusimama. Alipay, huduma ya malipo ya mtandaoni iliyoanzishwa China mwaka 2004, ilikua kutokana na swali hilo hilo: wanunuzi na wauzaji wa jukwaa la Taobao walikuwa hawaaminiani, kwa hiyo fedha zikawa zinashikiliwa hadi mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo. Utaratibu huo sasa umeenea sana, lakini wengi hawatambui uzito wa neno "kuthibitisha". Kitufe cha kusema umepokea mzigo ni saini yako ya kuachia fedha. Nimewaona watu wakikibonyeza mara tu boksi linapofika mlangoni, kabla hata ya kukata utepe wa gundi, kwa sababu tu programu imewakumbusha kufanya hivyo.

Kosa langu la pili halikuwa la njia ya malipo. Safari hii nilinunua simu kupitia jukwaa lenyewe, nikalipa kwa kadi, na simu ikafika. Kioo kilikuwa hakina mkwaruzo, kingo zake zinang'aa, na ilichaji vizuri. Nilipoanza kuiandaa ikaniuliza anwani ya barua pepe na nenosiri la mwenye akaunti ya awali, ikanionyesha herufi ya kwanza ya anwani hiyo na nukta nyingi zilizofuata. Ilikuwa imefungwa. Kufuli hiyo Apple iliileta mwaka 2013 pamoja na iOS 7, mfumo endeshi wa simu zake, na Google ikaleta inayofanana nayo katika mfumo wake wa Android 5.1 mwaka 2015, kwa lengo la kumnyima mwizi faida ya kuiba. Ni jambo jema, lakini maana yake kwa mnunuzi wa simu iliyotumika ni kwamba kifaa kizima na kizuri kinaweza kuwa hakina kazi yoyote, na kukifuta upya hakusaidii.

Nilifungua malalamiko siku hiyo hiyo. Muuzaji aliomba radhi kwa maneno mazuri, akasema yeye naye aliinunua kwa mtu na atamtafuta mtu huyo aiondoe kwenye akaunti yake. Siku tano zikapita. Akasema mtu huyo yuko safarini. Siku nyingine sita zikapita. Kisha akaniandikia kwamba malalamiko yangu yamesababisha akaunti yake izuiwe, kwamba hawezi kunirudishia fedha wakati fedha zenyewe zimezuiwa, na kwamba nikiyafuta atanilipa jioni ile ile. Sisi tumelelewa kwa maneno ya subira huvuta heri, na mimi nilimwonea huruma, kwani alionekana kuwa na shida ya kweli. Nikayafuta. Jioni ile hakulipa, wala kesho yake, na nilipotaka kuyafungua tena nikakuta maelezo mafupi kwamba malalamiko yaliyofungwa na mnunuzi mwenyewe hayafunguliwi upya.

Naomba hili lisomwe polepole, maana ndilo ninalotamani kila mnunuzi alijue kuliko mengine yote. Muuzaji asiye mwaminifu hahitaji kukushinda kwa hoja. Anahitaji siku zipite tu. Kila ulinzi wa malipo una muda wake. Kwa PayPal mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa za kufungua mgogoro, lakini baada ya kuufungua ana siku 20 tu za kuupandisha uwe dai rasmi linaloamuliwa na kampuni. Siku hizo zikipita bila kuupandisha, mgogoro hujifunga wenyewe. Dhamana ya kurudishiwa fedha ya jukwaa la mauzo la eBay humtaka mnunuzi atoe taarifa ndani ya siku 30 tangu siku ya kupokea mzigo, au tangu siku ya mwisho uliyotarajiwa kufika iwapo haukufika. Kwa hiyo muuzaji anayekusihi usubiri kidogo meli ifike, au usubiri sikukuu ipite, anaweza kuwa anasema kweli na anaweza kuwa anakula siku zako, na wewe huna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo. Nilichojifunza ni kuendelea kumjibu kwa heshima, kumpa nafasi ya kurekebisha, na wakati huo huo kuliacha dai likiwa wazi hadi fedha zionekane katika akaunti yangu. Muuzaji mwaminifu anaweza kurudisha fedha kupitia dai lililo wazi. Hana haja ya kukuomba ulifute kwanza.

Katika mkasa wa simu niliokolewa na kadi ya benki. Nilikuwa sijui kwamba nyuma ya ulinzi wa jukwaa kuna ulinzi mwingine wa benki iliyotoa kadi, ambao humwezesha mwenye kadi kupinga malipo ya bidhaa ambayo haikufika au iliyofika ikiwa si ile iliyoelezwa. Kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kupinga kwa sababu kama hizi kwa kawaida ni siku 120, ingawa ni busara kuuliza benki yako mapema. Baadhi ya nchi zimeliweka jambo hili katika sheria. Uingereza ina kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974, kinachoifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu kinachozidi pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, na mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, House of Lords, ilithibitisha kwamba kifungu hicho kinagusa pia manunuzi yaliyofanywa ng'ambo. Marekani nayo ilitunga sheria yake mwaka 1974, inayomruhusu mwenye kadi ya mkopo kupinga tozo la bidhaa ambayo haikufikishwa kama walivyokubaliana, ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya malipo ya kadi.

Afisa wa benki aliniuliza jambo moja tu la msingi: nilikuwa na ushahidi gani kwamba nilijaribu kuyamaliza na muuzaji? Nilikuwa nao, kwa sababu mazungumzo yetu yote yalikuwa ndani ya jukwaa, na tarehe zake zilionekana. Nikatuma picha za skrini za ujumbe wake, pamoja na picha ya simu ikiwa imesimama kwenye ukurasa ule wa kuomba nenosiri la mtu mwingine. Fedha zilirudi baada ya wiki kadhaa. Hazikurudi zote, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha fedha kilikuwa kimeshuka, na ushuru wa forodha niliokwisha kulipa haukuwa sehemu ya madai. Tahadhari moja nilipewa na naipitisha kwa wengine: usifungue madai mawili kwa wakati mmoja kwa malipo yale yale. Ukipinga kupitia benki wakati dai lako bado linasikilizwa na kampuni ya malipo, dai la kwanza hufungwa, na sasa unategemea uamuzi wa benki peke yake.

Mkasa ninaoukumbuka kwa undani zaidi ni wa kompyuta mpakato nyingine, niliyoiagiza baada ya kujifunza hayo yote. Kifurushi kilipofika nilikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kupokea uzito, na mikono ikapanda juu. Boksi lilikuwa la ukubwa sahihi. Lebo ya msafirishaji iliyobandikwa ubavuni iliandikwa uzito wa kilo 0.42. Kompyuta niliyonunua, kwa maelezo ya kiwandani, ilikuwa na uzito wa kilo 1.6 bila chaja.

Sikulifungua. Niliweka simu juu ya rundo la vitabu nikaanza kurekodi video, nikaonyesha pande zote sita za boksi, lebo, na utepe wa gundi usiokatwa, kisha nikaliweka juu ya mizani na kusubiri namba zitulie. Zilisoma gramu 418. Ndipo nikakata utepe bila kuzima kamera. Ndani mlikuwa na chaja, nyaya zake zimefungwa kwa mpira, na vipande vya kadibodi vilivyokunjwa vizuri kujaza nafasi. Aliyevikunja alikuwa amefanya kazi yake kwa uangalifu.

Muuzaji alijibu kwa maneno niliyoyatarajia, kwamba mimi ndimi niliyeitoa kompyuta. Laiti ningekuwa na video pekee, huenda tungebishana kwa muda mrefu, kwani video hutengenezwa na mtu mwenye maslahi. Uzito ule wa kilo 0.42 haukuandikwa na mimi wala na yeye. Uliandikwa na msafirishaji katika nchi ya muuzaji, kabla kifurushi hakijavuka mpaka. Niliomba kumbukumbu hiyo kwa msafirishaji, nikaiambatanisha na maelezo ya kiwandani kuhusu uzito wa kompyuta, nikaandika aya moja fupi isiyo na hasira, na uamuzi ukatoka kwa upande wangu ndani ya siku chache. Nimeamini tangu siku ile kwamba ushahidi wenye nguvu ni ule uliotengenezwa na mtu asiyejua kwamba kutakuwa na ugomvi.

Kuna hila nyingine ya jirani na hiyo, ambayo haijanipata lakini inafahamika sana. Muuzaji hutuma bahasha tupu kwa anwani nyingine iliyo katika mji wako, namba ya ufuatiliaji ikaonyesha "umefikishwa", na jukwaa linaona mji umelingana. Namba za posta za kimataifa hufuata mpangilio wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuangalia kama herufi za mwisho zinalingana na nchi ambayo muuzaji alisema anatuma kutoka. Ya pili ni kumwomba msafirishaji akuandikie kwamba mzigo wenye namba hiyo haukupelekwa kwenye anwani yako, au akutajie uzito wake. Anayetumia huduma ya mtu wa kati wa kupokea mizigo ng'ambo na kuisafirisha upya naye awe mwangalifu, kwa kuwa eBay, kwa mfano, haitoi dhamana kwa mzigo uliosafirishwa upya kwenda anwani nyingine baada ya kufikishwa mara ya kwanza.

Nisingependa kuwatupia wauzaji lawama zote. Kitu kilichotumika kimetumika. Ulinzi wa malipo huzungumzia tofauti kati ya kitu na maelezo yake, hauzungumzii matumaini ya mnunuzi, na mtu anayedai fedha kwa sababu ya mkwaruzo ulioonekana wazi kwenye picha anamdhulumu mwenzake. Kwa hiyo kazi yangu kubwa sasa huwa kabla ya kununua, nayo ni kuyafanya maelezo yawe mengi. Ninauliza ndani ya jukwaa, kwa sentensi fupi zinazojibika kwa ndiyo au hapana: je, simu imeondolewa kwenye akaunti zote? Je, kompyuta ina nenosiri la BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha, au imesajiliwa chini ya usimamizi wa kampuni au shule? Ninaomba namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ile yenye tarakimu 15 inayojitokeza ukibonyeza *#06#, ili niangalie kama simu imeripotiwa kuibiwa. Na ninaomba ipigwe picha kwenye skrini ya simu yenyewe, kwa sababu namba iliyoandikwa tu kwenye ujumbe inaweza kuwa ya simu nyingine. Jibu la muuzaji linakuwa sehemu ya maelezo ya bidhaa, na likiwa si kweli, dai limeshajiandika lenyewe.

Kwa betri ya kompyuta inayotumia Windows huomba matokeo ya amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa inapojaa. Muuzaji mmoja alinitumia ripoti iliyoonyesha kwamba betri imebakiwa na chini ya nusu ya uwezo wake, akaniambia wazi kwamba nitahitaji nyingine. Niliinunua kompyuta hiyo, nikabadilisha betri, na ninaitumia kuandika maneno haya.

Kuhusu kurudisha mzigo, nitasema kidogo. Kurudisha kifaa ng'ambo ni ghali na kuna usumbufu, hasa chenye betri ya lithiamu, ambayo ina masharti yake ya usafiri wa anga. Lenzi moja ilinifikia ikiwa na nyuzi za ukungu kati ya vioo, nyembamba kama utando wa buibui, zilizoonekana tu nilipoielekeza kwenye taa. Muuzaji akapendekeza anirudishie sehemu ya fedha nami nibaki nayo. Nilikubali, lakini kupitia dai lenyewe, kiasi kikiwa kimeandikwa, si kwa ahadi ya kunitumia pembeni.

Mzigo wa mwisho niliopokea ulikuwa simu. Niliupima, nikarekodi video, nikalinganisha IMEI iliyo kwenye skrini na ile ya kwenye picha aliyonitumia muuzaji. Niliiweka laini, nikapiga na kupigiwa, nikajaribu kamera zote mbili, na nikaiacha ikae usiku mmoja bila chaja ili nione betri inashukaje. Programu ilinikumbusha mara tatu kuthibitisha kwamba nimepokea. Nilibonyeza kitufe siku ya sita, kisha nikamwandikia muuzaji kumshukuru.